Mtini wangu, kutu ya majani, na makosa yangu ya miaka mitatu

Niseme mapema kabisa mimi si bwana shamba. Mimi ni mtoto wa Marangu, Kilimanjaro, nimekulia kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kahawa chini ya migomba kama kawaida yetu, halafu maisha yakanileta Houston, Texas, huku nafanya kazi ghalani zamu ya usiku na mchana nikiamka nacheza na vimiti vyangu nyuma ya nyumba. Hivo mtu akiniona naandika kuhusu ugonjwa wa mtini asidhani nimesomea, nimeunguza tu vya kutosha.

Houston kwa wasioijua, kiangazi chake ni Dar mwezi wa pili lakini inakaa miezi minne mfululizo. Unyevu ule ule, shati linakushika mgongoni kabla hujafika kwenye gari. Mtini unalipenda joto hilo, tena unakua kwa fujo, tatizo ni kwamba fangasi nao wanalipenda.

Mtini wa kwanza nilipanda masika ya 2018, aina ya Brown Turkey, nikauweka pembeni karibu na fensi ya mbao. Mwaka uliofuata umenipita kimo, majani mapana kama kiganja cha mtu mkubwa, na tini zikaanza kutoka, moja moja kwenye kila kikonyo. Nikawa nazihesabu kila nikitoka kazini asubuhi, nina kikombe cha chai mkononi, yaani nilijiona mkulima kamili. Ilipofika Agosti nikaona majani ya chini yameanza kuwa na vidoa vidogo vya njano, baadae njano ikageuka kahawia, kingo zikajikunja, halafu yakaanza kupukutika. Mimi nikasema kiu hiyo. Jua hili nani asingekuwa na kiu.

Basi nikaenda kwenye ile mashine ya springla, nikaongeza dakika, nikaweka iwe inamwagia kila jioni, na kichwa kimoja cha springla nikakigeuza kabisa kielekee mtini ili upate vizuri kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa nauogesha ule mti kama mtoto. Na kwa vile majani ni ya njano nikasema pia hana chakula, nikamwaga mbolea ya naitrojeni mara mbili ndani ya mwezi. Kila nilichofanya kilikuwa ni kama naukaribisha ugonjwa kwa chai na maandazi, lakini nani aliniambia? Kufika katikati ya Septemba mti ulikuwa mtupu, matawi tu na tini kama thelathini zimening'inia kijani, ngumu kama golori. Na tini si parachichi jamani, ukiichuma mbichi haiivi kabatini. Na mti usio na majani haupeleki sukari kwenye tunda, kwa hiyo zilibaki pale pale mpaka zikakauka.

Mke wangu akaniambia huo ndo ule wa kwenye Biblia uliolaaniwa ukanyauka. Tukacheka, lakini mimi roho iliniuma.

Oktoba mti ukachipua upya. Nilifurahi! Nikapiga picha nikatuma nyumbani, oneni mti umefufuka. Kumbe yale majani mapya yalikuwa ni akiba ya mwaka ujao mti unaitumia sasa hivi, na kwa naitrojeni niliyoimwaga yalitoka laini, teketeke, mengi. Baridi ya mwaka huo ikaja mapema, Novemba 2019 katikati tukaamka asubuhi barafu kwenye vioo vya magari, na vile vichipukizi vyote vikawa vyeusi kama mchicha uliopikwa ukasahaulika jikoni. Sio majani tu, na ncha za matawi zilikufa pia.

Sasa hapa ndo pana kosa ambalo mpaka leo likinijia kichwani natikisa kichwa peke yangu. Kwetu kihambani hatuchomi jani wala hatutupi jani. Jani la mgomba likikauka linalazwa chini ya kahawa, linashika unyevu, linaoza, linakuwa mbolea. Nimelelewa hivo. Basi mimi yale majani yote ya mtini yaliyopukutika nikayakusanya vizuri kwa reki, nikayatandaza kuzunguka shina, tabaka nene kabisa, na nikasimama nikaangalia kazi yangu nikaridhika. Matandazo safi. Majirani wanayatia kwenye mifuko wanasubiri gari la taka, mimi nikawa nawaonea huruma kwamba hawa watu hawajui mali.

Kumbe nimemtandikia adui kitanda chini ya mti alale mpaka mwaka ujao.

Mwaka 2020 wote tunaukumbuka, kazi ilipungua, watoto wako nyumbani, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kukodolea macho bustani. Ule mwaka vidoa havikungoja Agosti. Juni katikati vikaanza. Nilianza na dawa za jikoni kwanza, soda ya kupikia kwenye maji na sabuni kidogo, ikashindwa. Nikanunua mafuta ya mwarobaini, nikasema huu ni mwarobaini bwana unatibu arobaini utashindwa na moja hii, nao ukashindwa, nyuma ya nyumba kote kukanuka na vidoa vikaendelea kama havijaambiwa kitu.

Mwanamke mmoja tunayesali naye, ana mitini kadhaa kwake, akaniangalizia picha akasema hiyo ni mozeiki, ugonjwa wa virusi, hauna dawa, kata mti. Karibu nikate. Panga nilikuwa nalo mkononi. Kilichoniokoa ni binti yangu, wakati huo ana miaka saba. Alikuwa anacheza chini ya mti, kwa urefu wake yeye majani anayaona kwa chini, mimi nayaona kwa juu. Akaja kunionesha kidole, ncha yote ya rangi ya machungwa, akasema baba mti una rangi. Nikadhani ni chaki yake. Akanishika mkono akanipeleka, akageuza jani moja, akapitisha kidole, na kweli kidole kikatoka na unga kama binzari.

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Ule unga naujua. Nimeujua tangu nina umri kama wake. Baba alikuwa anatembea kwenye kahawa anageuza majani kwa kidole gumba, akiona ule unga wa machungwa anaguna, anasema kutu imeingia. Miaka miwili niko na mti wangu sijawahi hata siku moja kugeuza jani. Huku juu ukiangalia unaona vidoa vya njano tu visivyo na maana, vinaweza kuwa kiu, njaa, virusi, jua, chochote. Ukigeuza, kila kidoa cha juu kina kipele chake chini, kidogo kama kichwa cha pini, kimeinuka kidogo, na kikipasuka ndo ule unga unatoka. Mozeiki haina unga, ina mabaka tu yasiyo na mpangilio, mengine ya kijani mpauko mengine njano, na jani wakati mwingine linatoka limepinda. Tofauti ni kidole kimoja tu.

Nikampigia mzee video. Kule Marangu ilikuwa jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wajukuu wangu hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo, nikamwonesha jani. Akasema rudisha simu nyuma, sogeza, usitikise mkono. Halafu kimya kidogo, akasema, "Hiyo si kutu hiyo? Imefikaje huko Marekani?"

Ikabidi nimweleze kwamba si ile ya kahawa yake, maana nilikuwa nimeshaanza kusomasoma. Ya kahawa inaitwa Hemileia vastatrix na hiyo haigusi mtini, ya mtini ni Cerotelium fici na hiyo haina shida na kahawa, ila ni ukoo mmoja, na tabia zinafanana mno: zinaingia kwa mgongo wa jani, zinataka jani lililolowa maji ndo mbegu yake, ule unga, iote, na zinasafiri kwa upepo na matone ya maji. Baba hayo majina hayakumshughulisha. Aliuliza swali moja, maji unamwagia wapi? Nikamjibu kwa springla, juu ya majani, kila jioni. Akacheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. "Yaani wewe unainyeshea mvua yake mwenyewe!"

Akaniambia tafuta mrututu.

Waliokulia kwenye kahawa wanaujua mrututu, chumvi ya shaba (kopa salfeti), zile chembe za bluu zinazong'aa kama vioo vilivyovunjika. Baba alikuwa anauloweka kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati maana mrututu unakula chuma, chokaa anaikoroga kwenye ndoo nyingine, halafu anachanganya huku anakoroga kwa mti. Kabla hajaitia kwenye bomba la mgongoni alikuwa anachovya kisu safi ndani anahesabu kidogo, anakitoa. Kisu kikitoka na rangi nyekundu ya shaba maana yake chokaa haitoshi, dawa itaunguza majani, anaongeza chokaa. Kikitoka cheupe tunaanza kazi. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba maji.

Ile dawa yenyewe ina historia ya kuchekesha. Ni ya Wafaransa wa Bordeaux, miaka ya 1880. Wenye mashamba ya zabibu walikuwa wanapaka mrututu na chokaa kwenye mizabibu iliyoko kandokando ya barabara, si kwa ugonjwa, ni kutisha wezi, zabibu zionekane zina sumu wapita njia wasichume. Profesa mmoja anaitwa Millardet akapita akaona ile mizabibu ya kando ya njia ina majani yake wakati ya ndani ya shamba imepukutika kwa ukungu. Akafanyia kazi, mwaka 1885 akatoa matokeo. Dawa ya mwizi ikawa dawa ya ukungu.

Mimi sikuhangaika na ndoo mbili, huku dawa ya shaba inauzwa imeshatengenezwa ya maji, unapima tu. Na hapo nikaharibu tena. Julai, saa saba mchana, jua la kuchemsha yai, nina hasira na ule ugonjwa, nikapima mara mbili ya kilichoandikwa kwenye lebo nikapuliza mti mzima. Kesho yake jioni kingo za majani zote zimeungua, na yale yenye kutu yakaanguka kwa kasi kuliko mwanzo. Nimeua jani na kutu imebaki. Kupiga simu kwa mzee safari hii niliona aibu, lakini nikapiga. Akaniambia maneno ambayo sijayaona kwenye maandishi yoyote yamesemwa vizuri hivo: "Mwanangu, mrututu ni askari wa getini. Unamweka jioni mapema, mwizi hajaja. Sasa wewe mwizi ameshalala kitandani kwako ndo unaajiri askari, atalinda nini?" Maana yake dawa ya shaba haiponyi jani lililokwishaingiwa, inazuia tu mbegu isiote kwenye jani zima. Kipele kikishatoka umechelewa kwa jani hilo, utaokoa wenzake tu kama utawahi.

Wiki ile ile ya hasira nilifanya na lingine. Nikaamua kuyanyofoa kwa mkono majani yote yenye kutu, fulana ya mikono mifupi, hamna glavu, jua kali. Mtini ukikata jani unatoa utomvu mweupe kama maziwa, ukanichuruzikia mpaka kwenye viwiko, sikujali. Ule utomvu ukikutana na jua juu ya ngozi unaunguza. Kesho yake mikono ilikuwa na malengelenge kama nimemwagikiwa mafuta ya moto, na mistari myeusi ikakaa wiki nyingi, kazini wakawa wananiuliza nimepigana na paka. Tangu siku hiyo najiuliza Adamu na Hawa kwenye yale majani ya mtini waliyoshona wakavaa walivumilia vipi, bustani nzima hawakuona jani lingine?

Februari 2021 ikaja ile baridi kubwa ya Texas, umeme ukakatika, mabomba yakapasuka, Houston ikafika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Mtini wangu uliokuwa umepoteza majani mapema miaka miwili mfululizo ulikufa wote wa juu, mpaka ardhini. Wa jirani yangu, mzee mmoja mtu wa Louisiana, ulikufa ncha tu. Siwezi kuapa kwamba kutu ndo ilileta tofauti, wake ni mkubwa na umekingwa na ukuta, lakini mti uliokula akiba yake Oktoba unaingia kwenye baridi na mfuko mtupu, hilo halihitaji shule.

Yule mzee ndo alinimalizia somo. Alinikuta nimesimama na msumeno naangalia kuni zangu, akaniambia kata mpaka chini, mizizi iko hai, Aprili utaniambia. Halafu akaangalia yale matandazo yangu ya majani ya mtini, akayasogeza kwa ncha ya kiatu, akaniuliza kwa upole kabisa, hivi haya uliyaweka wewe? Nikasema ndio. Akatikisa kichwa. Akasema yeye hajapiga dawa mtini wake miaka mingi, kazi yake ni moja, jani la mtini likidondoka haliamkii pale, linaingia kwenye mfuko, na mifuko yenyewe inaondoka na gari la taka, haiendi kwenye lundo la mboji. Nikaenda kuchukua reki siku hiyo hiyo. Nilizoa mpaka vipande vidogo vilivyoshikamana na udongo, nikatoa mifuko mitano, halafu nikatandaza magome ya msonobari ya kununua, mapya.

Mti ukachipua kutoka kwenye mizizi mwezi wa nne kama alivyosema, matawi kumi na kitu, nikabakiza matano yaliyo mbali mbali ili hewa ipite katikati. Springla nikaizima upande ule, nikaweka bomba la matone linalolowesha udongo tu, asubuhi. Na mwanzo wa Mei, majani yameshafunguka vizuri na hayana hata kidoa, nikapiga shaba, kipimo cha lebo bila kuongeza tone, saa kumi na mbili asubuhi kumepoa, nozeli nimeielekeza juu kutoka chini ili dawa ishike mgongo wa jani. Ilinibidi nipige magoti. Nikarudia baada ya wiki tatu hivi maana mvua zilikuwa zimeosha. Basi, mwaka mzima mara mbili tu, tini hazijaanza kuiva. Kuhusu dawa yenyewe angalia lebo itaje tini na siku za kusubiri kabla ya kuchuma, usichukue iliyobaki ya maua.

Kutu ilikuja? Ilikuja. Lakini ilikuja mwisho wa Agosti, na mwaka uliofuata ilikuja Septemba. Hapo ndo nilipobadilika mawazo, maana nilikuwa nafikiria kuimaliza, na kwa hewa ya hapa haimalizwi, inacheleweshwa. Ukishachuma tini zako ikaja baadae majani yakadondoka wiki chache kabla ya wakati wake, mti hauna shida kubwa. Ikija Juni ndo balaa. Ndo maana wenye aina ya Celeste hapa huwaoni wakihangaika sana, zile tini ndogo ndogo zinaiva mapema, Julai wameshamaliza wanapika jemu wakati mimi wa Brown Turkey nahesabu za kijani. Mwaka 2022 nikaongeza mti wa pili, LSU Purple, wa chuo kikuu cha jimbo la Louisiana (ndo hiyo LSU), uliotolewa 1991 na unasifika kwa kuvumilia magonjwa ya majani. Na kweli ninayo yote miwili, hatua sita kati ya mmoja na mwingine, wa zambarau unapata vidoa vichache na jani linabaki mtini. Kwa utamu mimi bado nampenda huyu mgonjwa wangu wa zamani, lakini ningeanza leo ningeanza na ule wa pili.

Mbolea siku hizi kidogo tu mwanzo wa masika, baada ya Juni sitii kitu. Na kukata matawi nafanya Februari na glavu ndefu, mikono mirefu, mawingu. Brown Turkey unavumilia msumeno kwa sababu unazaa kwenye tawi jipya, ila mwenye Celeste asiukate hovyo, atakosa tini mwaka huo.

Wiki iliyopita nilichuma majani kumi na moja ya chini yenye vipele, nikayatia kwenye mfuko nikaufunga, mengine ya juu nimeyaacha maana tini zimebaki chache na ndege wanazimaliza kabla yangu. Ndege ni kesi nyingine. Binti yangu sasa ni mrefu, hapiti tena chini ya mti, ameinama akageuza jani moja akaangalia kidole chake, akasema kidogo tu baba, akaingia ndani. Gari la taka linapita Alhamisi.